Muundo na Dhiki: Uhakiki wa Vyombo vya Baharini vya Wakimbizi wa Kuba

1. Utangulizi

Neno "muundo" limezoeleka mno katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hata asili yake imekaribia kusahauliwa. Kitenzi "kuunda", kabla hakijaazimwa na wahakiki, na kabla hakijatumiwa kwa kamati na serikali, kilikuwa hasa mali ya mafundi wa pwani. Kuunda kulikuwa kutengeneza chombo cha baharini kwa mbao. Kwa hiyo mhakiki anayezungumzia muundo wa riwaya anatumia, ajue asijue, lugha ya watu wa mkuku na mataruma. Makala haya yanakusudia kulirudisha neno hilo majini na kulitumia katika kuhakiki kazi za aina ya pekee, yaani vyombo ambavyo wakimbizi wa Kuba waliviunda kwa vitu vilivyookotwa au kuchopolewa katika mashine kuukuu, ili kuvuka Mlango wa Florida na kufika Marekani.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lahusu nini jarida la lugha. Majibu ni mawili. Kwanza, vyombo hivi vimekwisha kuingia katika uwanja wa uhakiki, wahakiki wapende wasipende. Vimewekwa katika maonyesho, vimetengenezewa filamu, na msanii mmoja mashuhuri amejenga sifa yake juu ya sura yao. Pili, maswali yanayozushwa na vyombo hivi ni yale yale yanayowakabili wanafasihi simulizi kila siku: kazi isiyo na jina la mtunzi itahakikiwaje, na kazi iliyoondolewa katika utendaji wake inabaki na maana gani?

Hoja ya makala haya ni kwamba vyombo hivi vyastahili kuhakikiwa kama kazi zilizofikiriwa, si kama ajabu, wala takataka, wala vielelezo vya siasa tu. Lakini mhakiki atakayevisifu kwa ubunifu wao bila kuitaja dhiki iliyoviunda atakuwa amevipokonya nusu ya maana yao.

2. Mazingira ya Kihistoria

Kutoka pwani ya Kuba hadi Key West, ncha ya kusini ya Florida, ni kiasi cha maili 90, yaani kilomita 145 hivi. Kwenye ramani umbali huo ni mdogo. Lakini katikati yake unapita Mkondo wa Ghuba, ambao huielekeza mashariki na kisha kaskazini kila kitu kinachoelea. Chombo kisicho na nguvu yake chenyewe huchukuliwa na mkondo huo, na chaweza kuipita nchi kavu bila ya kuigusa.

Wakuba walikuwa wakiivuka bahari hiyo tangu miaka ya mwanzo ya mapinduzi ya 1959. Mwaka 1980, katika uhamaji uliopitia bandari ya Mariel, watu wapatao 125,000 waliondoka. Lakini hao walichukuliwa zaidi na mashua zilizotoka Florida kuwafuata. Hali ilikuwa nyingine baada ya Urusi ya Kisovieti kuanguka mwaka 1991. Kuba ilipoteza soko la sukari yake, mafuta ya bei nafuu na vipuri vya mashine zake. Serikali iliviita vipindi hivyo vya ukata "Kipindi Maalumu". Tarehe 13 Julai, 1994, watu 41 walikufa maji wakati tishari lililochukuliwa kwa siri na watu waliotaka kuihama nchi lilipozamishwa karibu na Havana. Tarehe 5 Agosti mwaka huo huo ghasia zilizuka katika barabara ya ufukoni ya Havana. Fidel Castro akatangaza kwamba serikali yake haitawazuia tena wanaotaka kuondoka kwa njia ya bahari. Katika majuma machache zaidi ya watu 30,000 walijitosa baharini juu ya vyelezo. Kihispania kiliwapa jina la "balseros", yaani watu wa vyelezo, kutokana na neno "balsa".

Tarehe 19 Agosti, 1994, Rais Bill Clinton wa Marekani alitangaza kwamba watakaookotwa baharini watapelekwa katika kituo cha kijeshi cha Guantánamo badala ya Florida. Mwezi Mei, 1995, nchi hizo mbili zilikubaliana kwamba tangu wakati huo wakamatwao baharini watarudishwa Kuba. Waliofaulu kukanyaga nchi kavu ya Marekani, kwa kawaida, waliruhusiwa kukaa. Utaratibu huo uliendelea hadi Januari 12, 2017, ulipofutwa na serikali ya Barack Obama. Hata hivyo safari hazikukoma. Mwanzoni mwa Januari, 2023, wahamiaji wapatao 300 walifika katika visiwa vya Dry Tortugas, magharibi ya Key West, hata hifadhi ya taifa iliyoko huko ikafungwa kwa muda.

Maelezo haya si ya pambo. Itaonekana hapa chini kwamba kila badiliko la sheria liliacha alama katika umbo la vyombo vyenyewe.

3. Fani

Vyombo hivi vyaweza kugawanywa katika aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni chelezo cha mwaka 1994. Viungo vyake vilikuwa mipira ya ndani ya magurudumu ya malori na matrekta, mapipa matupu ya mafuta, mbao za kitanda au za mlango, vipande vya polistirini, kamba na turubai. Nguvu yake ilikuwa makasia, au tanga lililoshonwa kwa shuka. Muundo wa chelezo ni wa kukusanya: kitu kinachoelea hufungwa pamoja na kitu kingine kinachoelea, na juu yao hutandikwa sakafu. Hakina mkuku wala mataruma. Kikipoteza kiungo kimoja, vilivyobaki bado vyaweza kuelea.

Aina ya pili ni ile ambayo watu wa Key West huiita "chug". Jina hilo ni tanakali: laiga mlio wa injini, kama Kiswahili kilivyopata "pikipiki". Chombo hiki kina kiunzi, mara nyingi cha nondo za kujengea nyumba au vyuma vya mabomba. Juu yake hufungwa mabati, mbao au turubai, na ndani hushindiliwa polistirini ili chombo kisizame hata kikijaa maji. Injini hutolewa katika gari, trekta au pampu, na kuunganishwa na rafadha iliyotengenezwa kwa mkono. Muundo wa chombo hiki si wa kukusanya bali wa kutafsiri. Mashine iliyosanifiwa kwa kazi moja hutolewa katika lugha yake na kulazimishwa kusema lugha nyingine.

Mfano ulio wazi kupita yote ni lori aina ya Chevrolet la mwaka 1951, ambalo watu 12 walilipanda mwezi Julai, 2003. Lori lilielezwa juu ya mapipa matupu, na rafadha ikafungwa kwenye mtaimbo uliokuwa ukizungusha magurudumu ya nyuma. Dereva alikaa mahali pake pa kawaida. Walinzi wa Pwani wa Marekani walilikuta kiasi cha maili 40 kutoka Key West, wakawarudisha abiria Kuba, na lori wakalizamisha. Mwezi Februari, 2004, baadhi ya watu wale wale walirudi baharini, mara hii ndani ya gari la Buick la mwaka 1959 lililopachikwa omo ya mashua. Hilo nalo likazamishwa, kwa hoja ya kuwa ni hatari kwa vyombo vingine.

Magazeti ya dunia yaliyapokea magari hayo kwa kicheko cha mshangao. Lakini mhakiki akiyatazama kwa makini ataona nidhamu kubwa. Hakuna kilichoongezwa kisicho na kazi. Lori halikubomolewa ili kuundwa mashua. Lilihifadhiwa karibu zima, kwa sababu injini, tangi la mafuta na viti vyake vilikuwa tayari vimepangwa kwa utaratibu unaofaa. Waliloongezewa ni mambo mawili tu ambayo lori hukosa majini: kuelea na kusukuma maji. Katika istilahi za fasihi, huo ni uchumi wa lugha.

4. Sheria Ndani ya Muundo

Wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili, hasa tangu miaka ya 1970, wameshikilia kwamba fani na maudhui havitengani. Mara nyingi dai hilo hutajwa kama kanuni ya imani, kisha mhakiki huendelea kuvijadili katika sura mbili mbalimbali. Vyombo vya Kuba vyatoa nafasi ya kulithibitisha.

Chelezo cha Agosti, 1994, hakikuhitaji kufika Florida. Kilihitaji kuelea mpaka kionekane. Ndege za watu wa kujitolea na meli za Walinzi wa Pwani zilikuwa zikiwatafuta wasafiri, na aliyeokotwa alipelekwa Marekani au, baada ya tarehe 19, Guantánamo. Basi muundo wa kukusanya, usio na nguvu nyingi, ulitosha. Baada ya Mei, 1995, kuonekana baharini kukawa ndiko kushindwa. Chombo kilichoelea tu na kungoja hakikuwa na faida tena. Ilibidi kiende chenyewe mpaka mchanga. Injini ikawa sharti. Mstari wa sheria uliochorwa Washington ulishuka hivyo hadi kwenye uamuzi wa fundi asiye na jina, aliyejificha vichakani Kuba, juu ya unene wa nondo na ukubwa wa rafadha.

Kwa upande wa Kuba nako sheria iliingia katika muundo. Hadi Januari, 2013, raia alihitaji kibali cha serikali ili kutoka nchini, na kuondoka bila idhini kulikuwa kosa. Kuunda chombo kwa siri kulimaanisha kuchagua vitu ambavyo kuonekana navyo hakukuzusha maswali. Hakuna amshangaaye mtu mwenye pipa, nondo au turubai. Uteuzi wa vitu hivyo ulitokana na ukata, lakini ulitokana pia na haja ya kuficha nia. Kama vile mtunzi wa fumbo anavyotumia maneno ya kila siku kusema lisilosemeka hadharani, ndivyo fundi huyu alivyotumia vyombo vya nyumbani.

Kwa hiyo methali ambayo Mswahili aweza kuiona inafaa hapa, "Mfa maji haishi kutapatapa", haifai. Hata vyelezo vya 1994, vilivyoundwa kwa siku chache na hadharani, vilipimwa na kupangwa; na vyombo vya injini vilidai muda mrefu zaidi wa kukusanya vipuri, kujaribu na kungoja hali ya hewa. Mwenye kutapatapa hapimi kina cha rafadha. Hapa dhiki ilizaa hesabu.

5. Msanii na Chelezo cha Kuazima

Alexis Leyva Machado, ajulikanaye kwa jina la Kcho, alizaliwa mwaka 1970 katika Isla de la Juventud, kusini ya kisiwa kikuu cha Kuba. Katika maonyesho ya tano ya Biennale ya Havana, mwezi Mei, 1994, alionyesha kazi iitwayo "Regata". Ni mkusanyiko wa vijimashua vya kuchezea, viatu vikuukuu na vipande vya mbao zilizotupwa na bahari, vilivyopangwa sakafuni kama msafara unaoelekea upande mmoja. Miezi mitatu haikupita kabla ya msafara wenyewe kuonekana katika maji halisi. Mwaka 1995, katika Biennale ya Gwangju nchini Korea ya Kusini, alipata tuzo kuu kwa kazi ya "Para olvidar", maana yake "Ili Kusahau". Katika kazi hiyo chombo kidogo kimelazwa juu ya chupa nyingi za bia.

Ni rahisi kumshutumu Kcho kwamba alivuna penye machozi ya wenziwe, hasa kwa kuwa mwenyewe aliendelea kuishi na kufanya kazi Kuba. Shutuma hiyo haitoshi. "Regata" yasema jambo ambalo hakuna chug iwezayo kulisema. Viatu vyake havina miguu. Vijimashua vyake havina abiria. Hapo pana watu wasiokuwapo, na kutokuwapo kwao ndiko maudhui. Chombo kilichofika hakiwezi kuwasimulia waliozama, kwa kuwa chenyewe ni ushahidi wa kufika.

Hata hivyo pana upungufu. Katika "Regata" okotezi zote zina uzito mmoja: kiatu, ubao na kichezeo vyote ni ishara. Maarifa ya kuunda hayamo. Mtazamaji aondoka akijua kwamba watu walikwenda, lakini hajui kwamba watu hao walijua kufanya jambo. Wahanga wanabaki wahanga. Upungufu huo unajazwa kwa kiasi na filamu ya "Balseros" ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Carles Bosch na Josep Maria Domènech wa Hispania. Filamu hiyo iliwafuata Wakuba saba tangu mwaka 1994 walipokuwa wakiunda vyelezo hadi miaka yao ya baadaye Marekani. Ubora wake ni kwamba imekipa chelezo muda: chaonekana kikifikiriwa, kikifungwa, kikibebwa barabarani mbele ya majirani, kabla hakijawa picha ya kusikitisha juu ya maji.

Mchango mwingine umetoka kwa Ernesto Oroza, msanifu wa Kuba aliyekusanya na kuchunguza vitu vilivyotengenezwa na wananchi wakati wa Kipindi Maalumu: baiskeli zilizofungwa injini, mapanga ya feni, antena zilizotokana na sinia za chakula. Aliviita vitendo hivyo ukaidi wa kiteknolojia. Maana yake ni kwamba mtu aliyelazimika kufungua kila mashine ili aitengeneze hawezi tena kuiheshimu mipaka iliyowekewa na kiwanda. Dhana hiyo yaeleza vizuri jinsi lori lilivyoweza kuonwa kuwa mashua ambayo haijamalizika. Ikumbukwe pia kwamba serikali yenyewe ilikuwa imehimiza maarifa hayo. Mwaka 1992 shirika la uchapishaji la jeshi, Verde Olivo, lilitoa kitabu cha ubunifu wa wananchi kiitwacho "Con nuestros propios esfuerzos", yaani "Kwa Juhudi Zetu Wenyewe". Kejeli ya historia ni kwamba maarifa yaliyohimizwa ili watu wavumilie nyumbani ndiyo yaliyowawezesha kuondoka.

6. Chombo Kilichoondolewa Majini

Katika bustani ya mimea ya Key West, kwenye kisiwa cha Stock, vyombo kadhaa vya namna hii vimehifadhiwa kwa kuonyeshwa. Vimesimama juu ya ardhi, katikati ya miti, na watalii huvizunguka. Kuvihifadhi ni jambo la kushukuriwa, kwani chombo kilichoachwa ufukoni kwa kawaida huishia jaani. Lakini maonyesho hayo yazusha maswali mawili.

La kwanza ni la uteuzi. Mkusanyo huu ni wa vyombo vilivyofika. Vilivyozama viko chini ya maji, na vilivyokamatwa baharini mara nyingi viliharibiwa. Mtazamaji asiyelikumbuka hilo aweza kuondoka akiamini kwamba nondo na polistirini hutosha kuvuka. Uhakiki unaosifu vilivyomo na kunyamazia visivyokuwamo unageuka kuwa uongo, hata kama kila sentensi yake ni kweli. Hapa ndipo kazi kama ya Kcho inapohitajika kando ya maonyesho haya, kila moja ikisahihisha kosa la mwenzake.

La pili ni la utendaji. Wanafasihi simulizi wanajua kinachotokea ngano inapoandikwa kitabuni: maneno hubaki, lakini sauti ya fanani, itikio la hadhira na giza la usiku hupotea. Chug iliyowekwa bustanini ni ngano iliyoandikwa. Utendaji wake ulikuwa mmoja tu, usiorudiwa. Uzito wa watu, kelele ya injini, harufu ya dizeli na maji yaliyochotwa kwa kopo hayamo katika umbo linaloonekana. Mhakiki hana budi kuyarejesha kwa maelezo, kama vile mkusanyaji mwema wa ngano anavyotaja nani alisimulia, wapi, na kwa nani.

Baadhi ya vyombo vilivyokutwa vitupu vina maandishi ya rangi ya kupulizia: herufi za kifupi za jina la Walinzi wa Pwani, na mbele yake "OK". Kwa walinzi, maana yake ni kwamba abiria wamekwisha kushughulikiwa na hakuna haja ya kuwatafuta tena. Hapo chombo kina jina la aliyekikagua. Jina la aliyekiunda halimo. Wengine wataliona hilo kuwa jambo la kawaida. Lakini wasomi wa nyimbo za kazi na za jando, ambazo nazo hazina saini, wanajua kwamba kazi isiyo na jina la mtunzi si kazi isiyo na mtunzi. Tena hapa kukosekana kwa jina kuna sababu yake: pengine fundi, au jamaa zake waliobaki, walikuwa na mengi ya kuogopa. Basi isidaiwe saini. Kinachodaiwa ni kwamba maelezo yanayowekwa kando ya chombo yaanze na aliyekiunda, ingawa hatajwi jina, kabla ya kufikia aliyekikamata.

7. Suala la Istilahi

Lugha ya Kiswahili ina hazina kubwa ya majina ya vyombo: dau, ngalawa, mashua, mtepe, jahazi, chelezo. Hata hivyo taarifa za habari hutumia "boti" kwa kila kitu kinachobeba wakimbizi. Kwa vyombo vya 1994 neno "chelezo" lafaa kabisa. Kwa chug halifai, kwa maana chelezo hakina kiunzi wala injini. "Mashua" nalo huleta fikira ya fundi aliyefuata desturi iliyorithiwa, ilhali hapa desturi ilibuniwa pamoja na chombo. Makala haya yametumia "chombo" kwa makusudi. Neno hilo lina maana ya kifaa cho chote na maana ya kitu cha kusafiria majini, na vyombo vya Kuba vimesimama hasa katika mpaka wa maana hizo mbili.

Neno "mkimbizi" nalo ladai tahadhari. Lataja kukimbia tu. Anayelisikia humwona mtu mwenye mgongo kwa nchi yake, mikono mitupu. Hakuna ubaya kulitumia, kwa kuwa laeleza dhiki; lakini kila linapotumiwa juu ya watu hawa lifuatwe na kitenzi "kuunda".

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba vyombo vya wakimbizi wa Kuba vina fani inayoweza kuchambuliwa, kwamba fani hiyo ilibadilika kwa kufuata sheria za nchi mbili na mwendo wa bahari, na kwamba wasanii na wahifadhi waliovishughulikia wameona kila mmoja sehemu yake tu. Kipimo cha kwanza cha kazi hizi kilikuwa kuelea, na hakuna mhakiki awezaye kukitengua. Kazi ya mhakiki yaanza baada ya hapo: kueleza maarifa yaliyomo, kuhesabu visivyofika, na kukataa kuigeuza dhiki kuwa urembo.

Methali husema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Vyombo hivi vilikuwa na usukani, hata vile vilivyozama. Wasomi wa lugha za Kiafrika, waliozoea kutetea elimu ya watu wasioandika vitabu, wana zana za kulieleza jambo hilo kuliko wengi. Bara hili lina wakimbizi wengi na bahari pande zote. Vyombo vya kuhakikiwa havitakosekana, wala isitarajiwe kwamba vitangoja mpaka istilahi ziwe tayari.